Umeme Umevuka Malaba, Vipimo Bado

Soketi yoyote ya umeme mjini Funyula, kaunti ya Busia, iwe kwa kinyozi, kwenye kisiagi au katika wodi ya hospitali ya Nangina, imebeba habari za Olkaria nchini Kenya na za Jinja nchini Uganda kwa wakati mmoja. Umeme unaofika hapo hubadili mwelekeo, kwenda na kurudi, mara 50 kila sekunde. Wataalamu hukiita kiwango hicho frikwensi na kukipima kwa hezi. Hiyo 50 haitoki kwenye transfoma ya mtaani. Inatokana na mwendo wa mashine zenyewe: jenereta ya mvuke ya Olkaria inazunguka mara 3,000 kwa dakika, zile nzito za maji pale Jinja zinazunguka polepole zaidi lakini zina ncha nyingi zaidi za sumaku, na zote mwishowe hutoa 50 ile ile. Watu wakitumia umeme mwingi kuliko nguvu inayozalishwa, mashine zote hulemewa, mwendo hupungua kidogo na hezi hushuka chini ya 50. Matumizi yakipungua, hezi hupanda. Mabadiliko hayo ni madogo, mara nyingi ya sehemu za mia za hezi, lakini husomeka Funyula karibu wakati ule ule yanaposomeka Nairobi na Kampala. Hoja ya makala haya inaanzia hapo. Afrika Mashariki imeunganisha nyaya zake hadi zikawa mashine moja, lakini bado inaitazama mashine hiyo vipande vipande, kila mwenye kipande na vipimo vyake. Umeme wa bei nafuu kuliko wote tunaoweza kuupata miaka hii ni ule utakaopatikana kwa kuitazama mashine nzima, kwa wakati, na hakuna mahali pazuri zaidi pa kuanzia kuliko mpaka wa Kenya na Uganda.

Muungano wenyewe si wa jana. Bwawa la Owen Falls, ambalo mtambo wake leo unaitwa Nalubaale, lilifunguliwa rasmi Jinja mwezi Aprili 1954, na kuanzia 1958 sehemu ya umeme wake ikawa inatoka Tororo na kuingia Kenya, karibu na Malaba, kwa njia ya kilovolti 132 inayopitia Lessos kwenda Nairobi. Tangu hapo mkondo umekuwa ukigeuka kufuata mvua, bei na saa ya siku: leo unakwenda mashariki, kesho unarudi magharibi. Baadaye ikajengwa njia kubwa zaidi ya Lessos hadi Tororo, na Desemba 2024 Tanzania nayo ikaingia kupitia njia ya kilovolti 400 kati ya Isinya na Singida. Mkulima wa Teso anayelima kwa plau anaufahamu mpango huu vizuri. Ng'ombe wanne wakiwa ndani ya nira, mmoja akijikwaa, wenzake husikia uzito shingoni kabla mwenye plau hajaona lolote. Jenereta ikijikata Naivasha, jenereta za Jinja hubeba sehemu ya pengo hilo papo hapo bila kuamriwa na mtu, na megawati za ziada hupita Tororo kabla simu ya kwanza haijapigwa. Ethiopia pekee haimo ndani ya nira. Umeme wake, ambao Kenya ilianza kuununua Novemba 2022, husafiri kilomita 1,045 hadi Suswa kwa mkondo mnyoofu, na mashine za kule huzunguka kwa mwendo wao.

Ndani ya kuta za mtambo mmoja mmoja, thamani ya vipimo vya papo hapo haina ubishi tena. Chukua kituo cha mvuke. Maji yanayopanda kutoka visima vya Olkaria yamebeba silika iliyoyeyuka, na silika hiyo hugandamana ndani ya mabomba na kwenye mapanga ya turbini. Hakuna anayeiona ikiganda. Kinachoonekana ni shinikizo la mvuke linalohitajika kupanda kidogo kidogo ili kutoa megawati zile zile, wiki baada ya wiki. Mhandisi anayesoma shinikizo, joto na wingi wa mvuke kila dakika ataona mteremko huo mapema na kuchagua siku ya kusimamisha mtambo na kuusafisha, tena usiku au wikendi, wakati mahitaji yako chini. Anayesubiri ripoti ya mwezi atausimamisha siku ambayo mtambo wenyewe utaamua. Ndivyo ilivyo kwa beringi za jenereta: mtetemo hubadilika na joto la mafuta hupanda kwanza, kisha ndipo chuma huvunjika, na kati ya hizo hatua mbili pana siku au wiki kadhaa ambazo ni mali ya yule tu aliyeweka kihisi na anayekisoma. Faida inayopatikana kwa njia hii haileti bwawa jipya wala sherehe ya kukata utepe, na nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya kutozungumzwa sana majukwaani.

Lakini mtambo hauishii kwenye ukuta wake, na hapa ndipo watu wa mwambao wa ziwa, kuanzia Sio Port hadi Port Victoria, wanapoingia katika habari hii moja kwa moja. Tarehe 14 Aprili 2020 Uganda nzima ilikosa umeme kwa sababu kisiwa kinachoelea, bonge la mafunjo na udongo lililong'olewa na maji yaliyokuwa yakipanda, kilielea hadi Jinja na kuziba njia za maji za Nalubaale. Kihisi cha ndani kingeweza kuonyesha tofauti ya kina cha maji mbele na nyuma ya vichujio, ambayo ndiyo dalili ya kuziba, lakini dalili hiyo huja dakika za mwisho. Habari iliyohitajika ilikuwa ziwani: ukubwa wa kisiwa kama hicho ni wa ekari kadhaa, huonekana kwa jicho la mvuvi na hata kwa picha za setilaiti, na hakiendi mbio. Ziwa ni sehemu ya mtambo. Anayepima turbini bila kupima ziwa anapima nusu ya mashine.

Habari za ziwa na mtambo zina historia chungu zaidi ya hiyo. Bwawa la Owen Falls lilipojengwa, palikuwa na kanuni ya makubaliano kwamba maji yatakayoachiwa Jinja yafuate kina cha ziwa, kwa kiasi kile kile ambacho mto ungetoa wenyewe kama bwawa lisingekuwapo. Kina kinasomwa Jinja, kutoka kina hicho unapata kiasi cha maji, hesabu imekwisha. Mwaka 2000 mtambo wa pili, Kiira, ukaanza kazi kando ya ule wa kwanza, ukame ukafuata, na maji yakaachiwa kupita kanuni ili taa za Kampala zisizime. Ziwa lilishuka hadi mwaka 2006 likafikia kina ambacho halikuwa limekifikia kwa takribani miaka 80. Mtaalamu wa maji Daniel Kull, katika uchambuzi wake wa mwaka huo, alikadiria kwamba asilimia 55 ya mshuko wa miaka ya 2004 na 2005 ilitokana na maji kuachiwa kupita kiasi, na iliyobaki ndiyo ya ukame. Uganda yenyewe haikufaidika: maji yaliposhuka, nguvu ya kuzungusha turbini ilishuka pia, umeme ukawa wa mgao, na jenereta za dizeli za kukodi zikaletwa kwa gharama kubwa. Takwimu za maji yaliyoachiwa zilikuwapo mahali fulani kila siku ya miaka hiyo. Zilichokosa ni macho mengine ya kuzisoma zikiwa bado mbichi. Wavuvi wa upande wa Kenya waliona fukwe zikirudi nyuma bila kujua ni mvua au ni mlango wa bwawa. Mei 2020 mambo yakageuka, ziwa likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, juu ya rekodi ya 1964, na maji yakaingia mashambani na majumbani Budalang'i. Swali likawa lile lile kwa upande wa pili: Jinja wameachia kiasi gani, na tangu lini?

Ubishi wa namna hiyo umehamia kwenye nyaya. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 Kenya karibu yote ilitumbukia gizani, uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukiwamo. Kampuni ya Kenya Power ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa mtambo wa upepo wa Ziwa Turkana, wenye turbini 365 na uwezo wa megawati 310. Wenye mtambo wakajibu kwamba wao walilazimika kujitoa kwa sababu volteji ya gridi ilikuwa imepanda kupita kiasi. Kauli zote mbili zinaweza kuwa na ukweli ndani yake. Mtambo ukijitoa, gridi huyumba. Gridi ikiyumba, mtambo hujitoa. La msingi ni kipi kilitangulia, na tofauti kati ya hivyo viwili huwa ni sehemu ndogo ya sekunde. Saa za kituo kimoja zikiwa mbele ya za kingine kwa sekunde mbili tu, hakuna hakimu atakayetoa hukumu ya haki. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 6 Septemba 2024, muda mfupi kabla ya saa tatu asubuhi, njia ya Loiyangalani, inayoleta umeme wa mtambo huo wa Turkana, ilijikata katika kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo, na njia ya Ethiopia iliyokuwa na megawati 200 ikafuata. Megawati 488 zikapotea, zaidi ya robo ya umeme wote uliokuwa ukitumika wakati huo. Sehemu kubwa ya nchi ilizima. Zilizosalia na umeme zilikuwa baadhi ya sehemu za Magharibi na za Kaskazini mwa Bonde la Ufa, yaani zile zilizo karibu na mlango wa Uganda. Kwa miaka mingi Busia imehesabiwa kuwa mwisho wa waya. Asubuhi ile ukanda huu ulionyesha kwamba mwisho wa waya wa Kenya ni mwanzo wa waya wa mwingine.

Marekani ilijifunza somo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 14 Agosti 2003 watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Kanada walikosa umeme, na uchunguzi ulionyesha kwamba katika chumba cha kuongozea gridi huko Ohio programu ya kengele za tahadhari ilikuwa imekwama zaidi ya saa moja kabla ya maporomoko. Njia za umeme ziligusa miti na kujikata moja baada ya nyingine, na waliokuwa kwenye viti hawakujua kwamba hawaoni. Wachunguzi nao walihangaika kupanga matukio kwa sababu kumbukumbu za vituo vingi hazikuwa zimefuata saa moja. Baada ya hapo nchi hiyo ilifunga vipimaji zaidi ya 1,000 vinavyochukua saa yake kutoka setilaiti na kusoma hali ya waya mara 30 au zaidi kila sekunde, wakati mifumo ya zamani ilileta usomaji mmoja kila baada ya sekunde chache. Kwa vipimaji hivyo, ubishi wa Kenya Power na wenye mtambo wa Turkana ungekuwa kazi ya kufungua faili mbili na kuziweka sambamba.

Usomaji wa frikwensi una kazi nyingine ambayo naiona kubwa kuliko kutafuta mwenye kosa. Unaonyesha nani alisaidia. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana. Transfoma ikajikata, mashine nyingine za kituo zikalemewa na kujikata pia, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikazima kwa zaidi ya saa tatu. Magazeti ya dunia yalimwandika tumbili. Swali la kihandisi lilikuwa jingine: kwa nini megawati 180 ziangushe gridi nzima? Kila mtambo mkubwa una kidhibiti mwendo ambacho, hezi zikishuka, hufungua maji au mvuke zaidi ndani ya sekunde chache. Kidhibiti hicho kikilegezwa, au mtambo ukiendeshwa kwenye kikomo chake bila akiba, mtambo huwa abiria tu kwenye mashine inayozama. Kwenye ripoti ya mwaka mtambo wa namna hiyo unaweza kuonekana bora kuliko wote, maana umeuza megawati zake zote. Kwenye grafu ya sekunde kumi baada ya ajali, utaonekana umekaa kimya wakati wenzake wanabeba mzigo. Hakuna njia ya kuulipa mtambo unaosaidia, wala ya kuudai ule usiosaidia, bila grafu hiyo.

India ilifanya jambo hili kwa njia ambayo watu wetu wangeisoma kwa makini. Kuanzia mwaka 2002, mitambo na majimbo yaliyochukua au kutoa umeme nje ya ratiba yalilipa au kulipwa kwa bei iliyofuata frikwensi yenyewe: hezi zikishuka, umeme wa ziada ukawa ghali, zikipanda, ukawa karibu bure. Mita zilisoma kila baada ya dakika 15. Gridi iliyokuwa ikiyumba ovyo ilitulia kwa kiasi kikubwa, na mitambo mipya haikuwa sharti la utulivu huo. Kilichofanya kazi ni kwamba kila mmoja aliona namba ile ile na kulipa kwa namba hiyo. Ni kweli kwamba Julai 2012 India hiyo hiyo ilipata giza kubwa kuliko yote yaliyowahi kuandikwa, watu zaidi ya milioni 600 wakikosa umeme, kwa kuwa baadhi ya majimbo yaliendelea kuchukua kupita haki yao na njia zikalemewa. Namba pekee haizuii ulafi. Baada ya 2012 waliongeza vipimaji vya saa ya setilaiti nchi nzima. Hawakuona sababu ya kuacha kupima.

Sasa tazama hali ya mpaka wetu kwa jicho hilo. Usiku wa manane Kenya hulala, mahitaji hushuka, na Olkaria mara nyingine imelazimika kuachia mvuke hewani kwa kuwa hakuna wa kuununua umeme wake, huku upepo wa Turkana ukivuma kwa nguvu saa hizo hizo. Jioni hali hugeuka. Mwanzoni mwa 2025 mahitaji ya juu kabisa ya Kenya yalipita megawati 2,300, na viongozi wa sekta wamekiri hadharani kwamba sehemu za Magharibi hukatiwa umeme saa za jioni kwa kuwa njia za kuufikisha hazitoshi. Kwa miaka mingi jenereta za Muhoroni zimechoma mafuta ya bei ghali si kwa ajili ya megawati tu, bali kuishikilia volteji ya upande huu isiporomoke. Ng'ambo ya pili ya Malaba, Uganda ina Bujagali ya megawati 250, Isimba ya 183 na tangu 2024 Karuma ya 600, na uwezo wake wote unapita mbali mahitaji yake. Maji yaliyo nyuma ya bwawa yanaweza kusubiri jioni. Mvuke na upepo haviwezi. Kwa hiyo busara ni Uganda kufunga milango yake usiku na kutumia upepo na mvuke wa Kenya, kisha kuifungua jioni na kuitegemeza Magharibi. Mabadilishano ya namna hii tayari yapo kwa kiasi, lakini yanahitaji pande zote mbili zione utabiri wa upepo, kina cha maji, volteji ya Tororo na mahitaji ya Busia saa hiyo hiyo, kila saa. Mkataba wa mwaka hauwezi kujua kwamba upepo wa Turkana utatulia leo saa kumi na mbili jioni.

Kuna pingamizi ambalo mkazi wa Funyula atalitoa kabla ya mtu yeyote, na lina haki yake. Tatizo letu, atasema, ni nguzo iliyooza, transfoma iliyoungua ikakaa wiki bila kubadilishwa, na mvua ya kwanza inayoondoka na stima. Hezi za Olkaria zitamsaidia nini mwenye kisiagi? Jibu langu ni kwamba nguzo na transfoma nazo ni tatizo la kutoona. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24 takribani asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa na Kenya Power haukufika kwenye ankara ya mteja. Umeme ulionunuliwa ulikuwa zaidi ya gigawati-saa 13,000, kwa hiyo uliopotea ni karibu 3,000, sawa na mtambo wa zaidi ya megawati 330 unaofanya kazi usiku na mchana mwaka mzima kwa ajili ya kupasha nyaya joto na kuhudumia wizi. Mtambo wa Turkana hautoi kiasi hicho hata upepo ukivuma bila kukoma. Sehemu ya upotevu huo haiepukiki, kwani kila waya hupata joto. Sehemu nyingine iko kwenye transfoma fulani, katika kijiji fulani, na inatambulika kwa hesabu ya shule ya msingi: umeme ulioingia kwenye transfoma, toa jumla ya mita zilizo chini yake. Kinachohitajika ni mita moja kwenye kila transfoma, inayotuma usomaji wake kwa mtandao wa simu. Mita hiyo hiyo ndiyo ingeonyesha kwamba transfoma imebebeshwa kupita uwezo wake mwezi mzima kabla haijaungua. Ufanisi wa mtambo wa Olkaria, ukipimwa kwa haki, hupimwa Funyula, pale shilingi inapolipwa.

Wapo pia wahandisi wanaoonya kwamba vipimo vikizidi huwa kelele, na wana ushahidi. Katika mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Marekani, tarehe 28 Machi 1979, kengele zaidi ya mia moja zililia ndani ya dakika chache na waendeshaji wakapotea katikati yake. Lakini kilichowapoteza zaidi kilikuwa taa moja. Ilipozima, walidhani vali imefunga. Kumbe taa ile ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa. Vali yenyewe ilibaki wazi, na kipoza joto kiliendelea kutoka. Funzo la ajali ile ni kupima kitu chenyewe na kuachana na kupima nia ya mtu, na ni funzo linalotuhusu. Ratiba ya mabadilishano ya Tororo ni nia. Mkondo uliopita Tororo ni kitu chenyewe. Kanuni ya maji ya Jinja ni nia. Kina na maji yaliyoachiwa leo ni kitu chenyewe. Hatuhitaji namba elfu. Tunahitaji chache ambazo hazidanganyi.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama na la mamlaka ya nchi. Desemba 2015 wavamizi wa kompyuta waliwazimia umeme wateja wapatao 225,000 nchini Ukraine, na si ajabu wizara zikiogopa kufungua madirisha. Ila wale waliingia kwa barua pepe za hila walizotumiwa wafanyakazi, wakachukua uwezo wa kuamuru swichi. Kuona na kuamuru ni vitu viwili. Usomaji unaweza kutoka nje kwa njia isiyoruhusu chochote kurudi ndani, na frikwensi yenyewe haiwezi kufichwa hata serikali zikitaka, maana imo kwenye kila soketi ya nchi. Kuhusu mamlaka, Ulaya ilitoa mfano mwanzoni mwa 2018. Serbia na Kosovo zilipogombana juu ya nani azibe pengo la umeme la Kosovo, gigawati-saa 113 zilikosekana, hezi zikashuka kidogo tu, hadi 49.996 kwa wastani, na saa za ukutani zinazofuata umeme zikachelewa kwa karibu dakika sita katika nchi 25, kutoka Ureno hadi Uturuki. Chama cha waendeshaji wa gridi wa Ulaya kilitangaza kipimo hicho hadharani, na ugomvi wa majirani wawili ukawa jambo la bara zima ndani ya siku chache. Mamlaka ya nchi hayakupungua. Kilichopungua ni uwezo wa kusukumiana lawama bila ushahidi.

Gharama ya kuanza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 vyuo vikuu vya Marekani, kwanza Virginia Tech na baadaye Chuo Kikuu cha Tennessee, vimekuwa na mtandao wa vipimaji vinavyochomekwa kwenye soketi za kawaida maofisini na madarasani, vikisoma frikwensi kwa saa ya setilaiti. Mtambo ukijikata mahali popote, wimbi la mshuko huvifikia vipimaji kwa tofauti ndogo za wakati, na kwa tofauti hizo watafiti hukadiria ajali ilitokea wapi na ni megawati ngapi zilizopotea. Hawakuomba ruhusa ya kuingia kwenye kituo chochote cha umeme. Chuo Kikuu cha Alupe kiko Busia, mwendo mfupi kutoka mpakani. Kipimaji kimoja Alupe, kimoja Tororo, kimoja Kisumu, kimoja Nairobi na kimoja Kampala vingetosha kuanza kuandika maisha ya mashine yetu sekunde kwa sekunde, na vijana wa uhandisi wangejifunza kutoka gridi iliyo hai badala ya kunakili mifano ya vitabu.

Kazi ya watawala ni kubwa kidogo kuliko ya wanafunzi, lakini nayo inaanza na namba nne. Mamlaka za nishati za Kenya na Uganda zinaweza kuagiza kwamba frikwensi ya gridi, megawati zinazopita Tororo na mwelekeo wake, pamoja na kina cha ziwa na maji yaliyoachiwa Jinja, vitangazwe kwa umma papo hapo, mahali pamoja, kwa saa moja, na kumbukumbu zake zisifutwe. Zote nne hupimwa tayari. Wabunge na maseneta wa kaunti za ziwani na mpakani wadai agizo hilo kabla ya kujadili kibali cha mtambo mwingine wowote, na mwenye kisiagi wa Funyula awadai wao.